Piga Hodi Kwanza

Ndugu msomaji, ukifika nyumbani kwa jirani yako unafanya nini? Unasimama nje. Unapiga hodi. Ukiitikiwa "Karibu," unaingia. Usipoitikiwa, unapiga tena. Ukipiga hodi mara tatu bila kujibiwa, unarudi ulikotoka. Hata kama mlango uko wazi, huingii. Desturi hii tumeikuta kwa wazee wetu, nayo ni desturi nzuri.

Sasa tujiulize. Kwa nini tunapiga hodi kwenye mlango wa mbao, lakini hatupigi hodi kwa mtu mwenyewe? Mtu naye ana mlango. Mwili wake una mlango. Kikapu chake, simu yake na siri zake zina mlango. Leo nataka tuzungumze juu ya mlango huo.

Ndani ya gari

Mimi hupanda gari kutoka Tengeru kwenda Arusha mjini. Jumatano na Jumamosi ni siku za soko la Tengeru. Siku hizo safari ni ya taabu. Kiti cha watu watatu hukaliwa na wanne. Wengine husimama wameinama, kwa sababu paa ni fupi. Ndizi, kabichi na kuku viko miguuni. Konda hupiga bati na kusema, "Banana mama! Sogea baba! Gari halijai!" Gari limejaa. Kila aliyemo anajua kuwa limejaa.

Msongamano huu una sababu. Katika sensa ya mwaka 1967, mji wa Arusha ulikuwa na watu wapatao 32,000. Katika sensa ya mwaka 2022, Jiji la Arusha lilikuwa na watu zaidi ya 600,000. Mipaka imepanuliwa na watu wameongezeka. Wote wanataka kufika sokoni, hospitalini na kazini. Kwa hiyo kusongamana si kosa la mtu mmoja.

Lakini kusongamana ni jambo moja, na kumvamia mwenzako ni jambo jingine. Gari likijaa, bega langu litagusa bega lako. Hilo tunavumiliana. Lakini yuko mtu anayemwegemea binti wa watu hata abiria wakishashuka na nafasi ikapatikana. Yuko anayepitisha mkono mahali pasipostahili, kisha anasingizia gari kuyumba. Na kule stendi, yuko mpiga debe anayemshika mama mkono na kumpokonya kikapu ili apande gari analolipigia debe yeye. Hawa hawakusongwa na watu. Wameingia bila hodi.

Tazama sasa jambo jema linalotokea ndani ya gari lile lile. Mama anapanda na mtoto mgongoni. Hana pa kukaa. Anamwambia dada aliyekaa, "Mdogo wangu, naomba unipakatie mtoto." Dada anampokea mtoto na kumpakata mpaka mjini. Hawajuani hata kwa jina. Je, wamekaribiana? Wamekaribiana sana. Lakini mmoja aliomba na mwingine alikubali. Hapo hakuna aliyevamiwa.

Je, haya ni mambo ya Wazungu?

Wapo watakaosema, "Mwalimu, hayo ni mambo ya Wazungu. Sisi tunaishi pamoja. Hatuna kujitenga." Mimi sikubali. Tunaishi pamoja, ni kweli, na ni vizuri. Lakini kuishi pamoja kulikuwa na utaratibu wake.

Angalia watoto wa Waarusha na Wamasai. Mtoto akikutana na mzee, huinamisha kichwa. Mzee huweka mkono juu ya kichwa hicho, na salamu imekwisha. Ni nani anayeinama? Ni mtoto. Mzee hamrukii mtoto na kumshika kichwa. Husubiri apewe kichwa. Wazee wetu walijua kuwa kumgusa mtu ni jambo linalotolewa na mwenyewe. Halinyang'anywi.

Angalia na sheria ya nchi yetu. Katiba ya mwaka 1977 ina sehemu ya haki za raia, iliyoingizwa mwaka 1984. Ibara ya 16 inasema kuwa kila mtu anastahili kuheshimiwa na kulindwa, yeye mwenyewe, familia yake, makazi yake na mawasiliano yake. Haki hiyo inaitwa haki ya faragha. Faragha ni nafasi ya mtu ambayo wengine hawaiingii bila ruhusa yake. Tena, iko sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998. Mtu anayemshikashika mwenzake kwa tamaa, bila ridhaa, anaweza kushtakiwa. Si mzaha wa ndani ya gari. Ni kosa.

Kosa langu mwenyewe

Nisiwalaumu makonda peke yao. Mimi mwalimu wenu nina kosa langu.

Miaka michache iliyopita nilifundisha darasa moja upande wa Meru. Mama mmoja mtu mzima alileta simu yake darasani. Alikuwa amepata ujumbe kutoka kwa kijana wake aliyekuwa akifanya kazi Mirerani. Mama alikuwa hajajua kusoma bado. Akaniomba nimsomee. Nami nikasoma kwa sauti, pale pale mbele ya watu wote, kama ninavyosoma ubaoni. Ujumbe ulisema kijana hana kazi tena, na watu wanamdai. Nilipoinua macho, darasa zima lilikuwa kimya. Jioni ile habari ilikuwa imefika kisimani, kilabuni na dukani.

Mama yule hakuonekana darasani kwa majuma matatu. Nilikwenda kwake kumwomba radhi. Nilipiga hodi, akanikaribisha, akanipa chai. Kisha akaniambia, "Mwalimu, nimekusamehe. Lakini nifundishe upesi. Nataka kusoma habari za mwanangu mwenyewe, nikiwa peke yangu."

Maneno hayo sijayasahau. Sisi maofisa huwaambia watu kuwa kusoma kutawasaidia katika kilimo, afya na biashara. Ni kweli. Lakini mama huyu alinifundisha faida nyingine. Asiyejua kusoma hana mlango. Barua yake hupita mikononi mwa watu. Namba yake ya siri ya simu anayo wakala, au mjukuu, au jirani. Akisoma, anapata mlango wake, na ufunguo anao yeye.

Alisoma kwa bidii. Siku moja nilimkuta kwa wakala wa pesa za simu. Watu walikuwa wamemzunguka, wengine wanachungulia begani kwake. Akachukua ncha ya khanga, akafunika simu, akabonyeza namba zake mwenyewe. Kijana mmoja akacheka. "Bibi, unaficha nini?" Akamjibu bila hasira, "Sifichi, mwanangu. Nafunga mlango."

Tufanye nini?

Wapo wanaosema msongamano hauna dawa. Mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, magari ya abiria yaliagizwa kubeba watu kwa hesabu ya viti. Watu wakaita "leveli siti." Magari yaliendelea kutembea na watu walifika. Kwa hiyo inawezekana, ingawa magari zaidi yanahitajika. Tusichoke kuwadai wanaohusika.

Lakini yako mambo ambayo hayasubiri magari. Tunaweza kuyaanza kesho asubuhi.

Mwenzako akitoa pesa kwa wakala, rudi nyuma hatua mbili. Akisoma ujumbe, tazama kwingine. Mgonjwa akieleza ugonjwa wake dirishani, usisogee kusikiliza. Ukitaka kumpiga mtu picha, mwombe kwanza. Tunawanung'unikia watalii wanaompiga picha mama sokoni bila kumwuliza, na tuna haki ya kunung'unika. Lakini kijana wetu anayepiga picha majeruhi wa ajali na kuwatumia rafiki zake ana tofauti gani na mtalii huyo?

Na binti akisema ndani ya gari, "Kaka, ondoa mkono wako," tusitazame nje ya dirisha kama tusiosikia. Tumwunge mkono. Mtu mmoja akisema, huitwa mgomvi. Gari zima likisema, mkosaji hushuka.

Ndugu msomaji, hatuwezi kuupanua mji kwa siku moja. Viti vitaendelea kuwa vichache kwa muda. Lakini hodi haihitaji nafasi kubwa. Ni neno moja tu. Ukiwa sokoni, ndani ya gari au kwenye foleni, kumbuka kuwa umesimama mlangoni kwa mtu. Piga hodi kwanza. Usipoitikiwa, usiingie.

Maswali ya mazungumzo

1. Kwa nini mama yule hakuja darasani kwa majuma matatu? Mwalimu angefanya nini badala ya kusoma kwa sauti?

2. Kuna tofauti gani kati ya kusongamana na kumvamia mtu?

3. Taja desturi moja ya kwenu inayofundisha kuomba ruhusa kabla ya kumgusa mtu au kuingia kwake.

4. Nani anajua namba yako ya siri? Je, ilikuwa lazima aijue?

5. Abiria akishikwashikwa ndani ya gari, ninyi mliomo mfanye nini? Kubalianeni jambo moja.