MWAMBIENI NA YEYE APIGE MAGOTI!

Jamani wadau, leo nina dukuduku na nalitoa hapa hapa. Simtaji mtu jina, kwa sababu mtu mwenyewe hayuko mmoja. Najua mtaanza kubahatisha, "huyu ni fulani tu," na kila mmoja atakuja na fulani wake. Sawa. Hiyo peke yake iwaambie kitu.

Mnamjua. Ni mwimbaji wa injili, au staa wa Bongo Muvi aliyeokoka juzi juzi. Harusi yake ilijaza Insta wiki nzima, gauni lilibadilishwa mara tatu, mchungaji akatoa machozi madhabahuni. Mwaka wa pili picha za mume zinaanza kupungua. Mwaka wa tatu dada anavaa miwani ya jua mpaka ndani ya ukumbi. Halafu usiku mmoja anaposti: yuko sakafuni, mikono juu, na maneno marefu kuhusu mwanamke anayepigania ndoa yake kwa magoti. Watu wanashusha "Amina mama", "Mungu anakupigania", "mwanamke jeshi kubwa". Maelfu ya laiki.

Hakuna hata mmoja anayeuliza swali ambalo mtoto wa chekechea angeuliza: sasa wakati mke yuko sakafuni, mume yuko wapi?

Hilo ndo swali langu leo. Na kabla hamjaanza kuniita mpinga Kristo, tuelewane: sina ugomvi na maombi. Naomba, nafunga, mkesha naujua. Ugomvi wangu ni na hii tabia ya kumkabidhi mwanamke wa Kikristo maombi kama vile anakabidhiwa fagio na dekio, kwamba mwingine achafue halafu yeye asafishe.

Inaanza mapema. Nenda kichen pati yoyote ya walokole hapa mjini ukae kimya usikilize. Bibi harusi amekalishwa katikati na kanga zake, mama walezi wanapokezana maiki. Mume akichelewa kurudi, omba. Akichepuka, funga siku tatu. Pesa haonyeshi, ingia kwenye maombi ya usiku wa manane. Akikupiga je? Hapo sauti inashuka kidogo, lakini jibu ni lile lile: mwanangu, ndoa ina siri, wewe piga magoti. Wakati huo kaka yuko wapi? Yuko kwenye kikao cha kamati ya harusi, kinajadili vinywaji na nani hajamalizia mchango. Hakuna aliyemkalisha chini akamwambia, ukiona hasira zinapanda, omba. Hakuna aliyempa siku tatu za kufunga kwa sababu ya macho yake yasiyotulia.

Na angalieni hesabu yake ilivyopikwa. Ndoa ikitulia, utukufu kwa Mungu na pongezi kwa mchungaji. Ndoa ikiharibika, mwanamke hakuomba vya kutosha. Aliomba mwaka? Angeomba miwili. Alifunga siku saba? Angefunga ishirini na moja. Mtihani gani huu ambao mtahiniwa ni mmoja, na akifeli jirani yake ndo yeye anapewa sifuri?

Sasa njooni kwenye Biblia, maana najua mtanipeleka huko. Mstari wenu pendwa uko Waraka wa Kwanza wa Petro, sura ya 3, pale wake wanapoambiwa wawatii waume zao ili hata wasioamini wavutwe na mwenendo wao. Umehubiriwa mpaka umechakaa. Lakini mbona mahubiri yanaishia mstari wa 6? Sogeza kidole chako mstari mmoja tu. Mstari wa 7 unawageukia wanaume: waishi na wake zao kwa akili na kuwaheshimu, ili maombi yao yasizuiliwe.

Umeona? Mahali ambapo Petro anasema wazi kwamba kuna kitu ndani ya ndoa kinaweza kuziba maombi, anayeambiwa ni MUME. Na kinachoziba ni anavyomtendea mkewe. Jini mahaba halijatajwa, wala pepo la kukataliwa la upande wa mke.

Ukitoka hapo fungua Malaki sura ya 2. Kuna watu wanaifunika madhabahu ya Bwana kwa machozi, wanashangaa kwa nini sadaka zao hazipokelewi. Nabii anawapa sababu: Mungu mwenyewe ni shahidi kati yako na mke wa ujana wako, uliyemfanyia hiyana. Machozi yao hayakuwa na shida. Shida ilikuwa nyumbani kwao. Basi kama tunataka kuchunguza maombi ya nani hayafiki, tujue pa kuanzia.

"Lakini mbona Mtakatifu Monika?" Hili huwa naletewa na dada zangu Wakatoliki, na ni hoja nzuri, siidharau. Monika wa Afrika Kaskazini, karne ya 4, aliolewa na Patrisi, mume mwenye hasira kali na asiye mwaminifu, akamwombea mpaka akabatizwa mwishoni mwa maisha yake. Akamwombea mwanawe Agustino miaka na miaka mpaka akaongoka. Kweli kabisa. Na ni kweli aliwashauri wanawake wenzake wasibishane na mume aliyeshikwa na hasira.

Ila someni alichoandika Agustino mwenyewe kwenye kitabu chake cha Maungamo. Anasema wanawake wa mji wao waliokuwa na alama za kipigo usoni walishangaa, kwa sababu pamoja na hasira zote zile haikuwahi kusikika kwamba Patrisi amempiga Monika. Kwa hiyo huyo mnayemtumia kumrudisha dada mwenye jicho lililovimba nyumbani kwake, mwenzenu hakuwa anapigwa! Na kuhusu mwanawe, Monika hakukaa chumbani na rozari peke yake. Alipanda chombo, akavuka bahari, akamfuata Agustino mpaka Milano. Aliomba HUKU anatembea.

Hiyo ndo picha yenyewe ya mwanamke mwombaji, ukisoma Biblia yote badala ya mistari ya kadi ya harusi. Esta alifunga siku tatu, na hakufunga peke yake: aliagiza Wayahudi wote wa mji wa Shushani wafunge pamoja naye, na wa kwanza kuambiwa alikuwa mwanaume, Mordekai. Siku ya tatu akavaa mavazi yake ya kimalkia akaingia kwa mfalme bila kuitwa, jambo ambalo lingeweza kumuua. Abigaili aliolewa na Nabali, tajiri mwenye roho mbaya na mdomo mchafu. Nabali alipomtukana Daudi na kuiweka nyumba nzima hatarini, Abigaili hakuitisha mkesha. Alipakia punda mikate mia mbili, kondoo watano na mazagazaga mengine, akaondoka bila hata kumwambia mumewe, na alipofika kwa Daudi alisema waziwazi kwamba mume wake ni mpumbavu. Hakuficha aibu ya mume ili watu waseme ndoa nzuri. Akaokoa watu.

Na yule mjane wa kwenye Luka 18, mfano ambao Yesu aliutoa makusudi kufundisha kuhusu kuomba bila kukata tamaa? Nani anakumbuka alikuwa anafanya nini? Alikuwa anakwenda kwa HAKIMU. Kila siku, mpaka hakimu akachoka. Yaani Yesu alipotafuta picha ya mtu anayeomba kweli kweli, alimchagua mwanamke anayedai haki yake mahakamani. Leo mwanamke akienda polisi au mahakamani tunamwambia amekosa imani.

Sasa nitoke kwenye maandiko, maana hili jambo lina makaburi. Aprili 2022 alifariki mwimbaji wa injili wa Nigeria ambaye sauti yake mnaijua wote, tuliimba wimbo wake mpaka kwenye makanisa yetu ya uswahilini. Baada ya msiba, ndugu zake walisimulia kwamba alikuwa akipigwa kwa muda mrefu, walimsihi arudi nyumbani, na yeye alishikilia kwamba imani haimruhusu kuachana. Mwaka 2025 mahakama ya Abuja ilimtia mumewe hatiani kwa kifo chake. Dada aliomba sana, hakuna mwenye shaka. Aliongoza maelfu kuomba. Hakupungukiwa imani hata kidogo. Alipungukiwa watu wa kumwambia kwamba kuondoka hai si dhambi.

Na msiseme hayo ya Nigeria. Utafiti wa kitaifa wa afya wa Tanzania wa 2015-16 ulikuta wanawake 4 katika kila 10 wa umri wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili tangu wafikishe miaka 15. Angalia viti vya kina mama kanisani kwenu Jumapili hii. Hesabu.

Halafu kuna wanaokula hapa. Dada akishaambiwa tatizo ni maombi yake, bidhaa zinafuata: mafuta ya upako, maji, kitambaa cha kuweka chini ya mto wa mume, sadaka ya kufungua ndoa iliyofungwa na watu wa ukoo. Mume hajawahi kuitwa ofisini kwa mtumishi hata siku moja. Kwani aitwe ya nini? Akibadilika, mteja anaondoka.

Mtaniuliza, basi maombi ya mwanamke ni ya nini? Kwangu mimi jibu liko kwa Hana. Amekosa mtoto, mke mwenza anamchokoza, mume anamwambia yeye ni bora kuliko wana kumi (wanaume bwana!), na kuhani Eli anamwona midomo inacheza bila sauti anadhani amelewa. Kila mtu ana maoni kuhusu Hana. Mbele za Mungu tu ndo anapata kuwa Hana, na hitaji lake, kwa maneno yake. Na alipotuhumiwa hakuinamisha kichwa, alimjibu kuhani kwa heshima na akasimama kwenye ukweli wake. Ndo kazi ya maombi hiyo. Mwanamke anayeitwa mama fulani, mke wa fulani, dada wa kwaya, anapata dakika kumi za kuwa mtu, mbele za Mungu ambaye hamwambii anyamaze. Anainuka ana nguvu, ana akili iliyotulia, anajua afanye nini kesho asubuhi. Maombi yanayomfanya ainuke dhaifu kuliko alivyopiga magoti, mimi nina wasiwasi anaongea na nani.

Na kesho asubuhi kuna vitu vya kufanya, dada. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, inasema mwenzi hana haki ya kumpa mwenzake adhabu ya kipigo, hata kama mila inasema vingine. Vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Ukiumizwa chukua PF3, nenda hospitali, tunza karatasi zako. Unaogopa utatoka mikono mitupu kwa sababu ulikuwa mama wa nyumbani? Tangu 1983, kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed, Mahakama ya Rufani ilishasema kazi za nyumbani nazo ni mchango kwenye mali ya ndoa. Mkatoliki unayeambiwa kanisa halikuruhusu? Kanuni ya 1153 ya Sheria za Kanisa inamruhusu mwenzi kutengana na yule anayemhatarisha vikali mwilini au rohoni. Mwulize paroko wako, kwa upole, kama anaijua.

Najua wengine mmeshakasirika: "unavunja ndoa za watu." Hapana bwana. Anayevunja ndoa ni anayevunja taya. Aliyekwenda kushtaki anatoa taarifa tu kwamba imevunjika.

Na nyie kina mama walezi, ambao nawaheshimu sana, siwaombi mwache kufundisha maombi. Naomba kichen pati ijayo mfanye kitu kimoja. Mkishamaliza kumwambia binti apige magoti, mtoke hapo na kanga zenu, mpande bajaji mpaka kule kwenye kikao cha kamati, mumtafute bwana harusi katikati ya makreti ya soda, mumwambie na yeye apige magoti. Mkae hapo mpaka apige.

Haya, uwanja ni wenu. Ila ukija kuniambia "vumilia, ndoa ndo zilivyo," tuambie kwanza: wewe mume wako anaomba saa ngapi?