Nani Atakuwa Daktari wa Delta?

Kila mwaka, matokeo ya Kidato cha Sita yakishatangazwa, hunijia vijana pamoja na wazazi wao wakiwa na swali moja: afanyeje mtu ili akubaliwe kusomea udaktari? Nami huwajibu kwa yale yaliyo wazi. Awe amefaulu vizuri Fizikia, Kemia na Biolojia. Apeleke maombi yake chuo kwa chuo, kwani ule mfumo mmoja wa Tume ya Vyuo Vikuu ulioanza mwaka 2010 uliachwa mwaka 2017. Aiombe mapema Bodi ya Mikopo. Ajiandae kwa miaka mitano ya chuo na mwaka mmoja wa utarajali kabla ya kusajiliwa kikamilifu na Baraza la Madaktari Tanganyika. Majibu hayo ni sahihi, na huyatoa kwa moyo mweupe. Lakini katika miaka yote niliyofundisha, swali hilo sijaulizwa hata mara moja na kijana aliyetoka Msala, Kiomboni au Mbwera. Jambo hili ndilo lililonisukuma kushika kalamu.

Vijiji nilivyovitaja vimo katika delta ya Rufiji, ambayo kwa sehemu kubwa sasa ni ya Wilaya ya Kibiti, Mkoa wa Pwani. Mwanafunzi na aitazame ramani. Mto Rufiji unapoikaribia Bahari ya Hindi, mkabala na kisiwa cha Mafia, hugawanyika kuwa mikono mingi, na baina ya mikono hiyo umeota msitu wa mikoko ulio mkubwa kuliko yote ya pwani ya Afrika ya Mashariki. Barabara ya lami iendayo Lindi hupita Kibiti mjini, yapata kilomita 130 kutoka Dar es Salaam. Lakini kwa mtu wa delta barabara ni maji, na saa yake ni kupwa na kujaa. Mama aliyeshikwa na uchungu wakati maji yamekupwa hana budi kungoja mpaka mkondo ujae ndipo mashua ielee. Mimi si mwenyeji wa huko, ila nimepata kungoja hivyo pale Nyamisati, nikiwa mzima wa afya na chakula kimo mkobani, na saa nne nilizongoja niliziona kuwa ndefu mno. Hali kama hiyo haifundishiki kwa chaki, ingawa sisi wahadhiri tunajaribu.

Msomaji asidhani kwamba Rufiji ni mahali pasipojulikana na wanasayansi. Kuanzia katikati ya miaka ya 1980, watafiti wa Kitanzania na wa Kiswidi waliifuatilia malaria katika kijiji cha Nyamisati kwa miaka mingi. Mwishoni mwa miaka ya 1990, Wizara ya Afya kwa kushirikiana na watafiti iliichagua Rufiji, pamoja na Morogoro Vijijini, iwe mahali pa kujaribia jambo ambalo ukilisikia utalidhani ni jepesi: fedha za afya za wilaya zigawanywe kulingana na maradhi yanayowaua watu wa wilaya hiyo. Ili kuyajua maradhi hayo, wadodosi walipita nyumba kwa nyumba kila baada ya miezi minne, katika eneo lenye watu wapatao 85,000, wakiandika nani amezaliwa, nani amehama na nani amefariki. Penye msiba waliwauliza wafiwa, kwa adabu, marehemu aliuguaje. Ilionekana kwamba malaria na maradhi mengine ya watoto yalikuwa yakipewa fungu dogo kuliko uzito wake. Wilaya ikapewa nyongeza ndogo ya fedha, watumishi wa zahanati wakafundishwa kumtazama mtoto mgonjwa kwa ukamilifu badala ya kutazama dalili moja moja, na katika muda wa miaka kama mitano vifo vya watoto walio chini ya umri wa miaka mitano vikapungua kwa zaidi ya asilimia 40. Hakukujengwa hospitali ya ghorofa wala hakukuletwa kikosi cha madaktari bingwa.

Kutokana na madaftari hayo hayo yalipatikana matokeo mengine, ambayo huwasomea wanafunzi wangu kila mwaka. Sisi wasomi tumezoea kusema kwamba mwanakijiji hufa kwa malaria kwa sababu amekimbilia kwa mganga wa jadi, hasa mtoto anaposhikwa na degedege. Watafiti walizichunguza safari za wagonjwa waliofariki kwa malaria huko Rufiji kati ya mwaka 1999 na 2001. Karibu wanane katika kila kumi walikuwa wamekwisha kutafuta tiba ya zahanati au hospitali kabla ya kufa. Walifika kwetu, ndugu msomaji. Basi ni wajibu wetu kuuliza walimkuta nani walipofika, na huyo waliyemkuta alifundishwa nini, na alifundishwa wapi.

Chuo chetu cha kwanza cha udaktari kilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1963, kikawa kitivo cha Chuo Kikuu mwaka 1968, na tangu mwaka 2007 ni chuo kikuu kamili kwa jina la Muhimbili. Siku hizi viko vingine Moshi, Mwanza, Dodoma na kwingineko. Mpango wa masomo haujatofautiana sana baina yao: miaka miwili ya mwanzo ni ya anatomia, fiziolojia, baiokemia na ndugu zake, kisha mwanafunzi huingia wodini. Wengi hudhani kwamba ugumu wote umo katika miaka ile miwili. Mimi naona sivyo. Vitabuni, aliyezoea kukariri huvuka. Wodini ndiko anakogundua kwamba kuna lugha mbili katika chumba kimoja. Amesomeshwa kwa Kiingereza. Humhoji mgonjwa kwa Kiswahili. Huandika jalada kwa Kiingereza. Kisha humweleza daktari bingwa habari zote kwa Kiingereza, mbele ya mgonjwa yule yule, ambaye hajui anasemwa nini.

Nilipokuwa mwaka wa tatu, katika hospitali ambayo sitaitaja, nilifukuzwa wodini mbele ya wagonjwa kwa sababu niliulizwa swali nikajibu, "Sijui." Siku ya pili niliulizwa tena nikabahatisha, nikasifiwa. Ilinichukua miaka mingi, na masomo ya uzamivu ng'ambo, chini ya mwalimu aliyependa kusema "sijui" kuliko mtu yeyote niliyepata kumwona, kuiacha tabia niliyofundishwa siku ile. Naomba wenzangu tuangalie jambo hili. Kijana wa mjini aliyezoea kusema mbele za watu huyastahimili makaripio hayo. Kijana wa kijijini, aliyelelewa kunyamaza mbele ya mkubwa, huonekana mjinga, na kwa bahati mbaya baada ya muda naye hujiona hivyo.

Ilhali ujinga huo hutegemea mahali tunapousimamisha mzani. Miaka michache iliyopita nilikuwa na kikundi cha wanafunzi wa mwaka wa nne katika zahanati moja ya huko delta. Alikuja mzee mmoja, akaketi, akasema ana mshipa unamsumbua. Mwanafunzi aliyekuwa wa kwanza katika darasa lake, msichana hodari ambaye hata leo namheshimu, aliandika kwamba mgonjwa analalamikia mshipa wa damu, akaanza kuitazama miguu yake na kuuliza habari za shinikizo la damu. Mzee akawa anajibu hapana, hapana, huku akitazama chini. Palikuwa na kijana mwingine, mpole, wa kiasi katika mitihani, mtoto wa muuza samaki wa pwani hiyo hiyo. Alimwamkia mzee shikamoo, akamwomba wasogee faragha nyuma ya pazia, na baada ya dakika mbili akarudi na jawabu. Mzee alikuwa na busha. Katika mwambao, mtu mzima mwenye haya hulisema jambo hilo kwa neno mshipa. Busha na matende huletwa na vijidudu vya filaria, ambavyo huenezwa na mbu, na ni maradhi ya zamani katika pwani yetu. Upasuaji wa busha ni mfupi, na daktari msaidizi mzoefu huuweza. Mzee yule alikuwa ameishi nalo kwa miaka, na alikuwa karibu kuondoka zahanati na vidonge vya shinikizo la damu.

Kijana huyo hakuingia chuoni kwa mlango wa Kidato cha Sita. Alisoma kwanza stashahada ya utabibu, akafanya kazi, kisha akaomba nafasi ya udaktari kwa sifa hiyo. Mlango huo upo, nao ni halali, lakini shuleni hausemwi. Walimu wengi niliozungumza nao hawajausikia. Kule delta mtoto huanza kuachwa nyuma kabla hata ya kidato cha pili. Mahali pengine hana maabara, mahali pengine hana mwalimu wa Fizikia, na mafuriko kama yale ya Aprili 2024 yakija huyavuruga masomo kwa majuma mengi. Akipata daraja la kuridhisha katika hali hiyo, analinganishwa na mwenzake aliyesoma shule yenye kila kitu, na nafasi hupewa mwenzake kwa tofauti ya alama moja. Ufadhili wa Samia ulioanza mwaka 2022 ni wa manufaa, nami nimewaona wanaofaidika nao. Lakini nao hutazama alama za juu kabisa. Tunapima urefu wa watoto wawili, mmoja amesimama juu ya kiti.

Najua nitaambiwa kwamba nataka kushusha kiwango. La. Kiwango cha chini cha kuingilia kibaki palepale kilipo, na mitihani ya chuo iwe ile ile kwa wote. Ninachosema ni kwamba miongoni mwa wale wote waliokwisha kuvuka kiwango, alama peke yake haitupi habari tunayoihitaji zaidi, yaani nani atakwenda Kibiti na akikaa atadumu. Habari hiyo imetafutwa duniani. Shirika la Afya Duniani, katika mapendekezo yake ya mwaka 2010 kuhusu watumishi wa afya wa vijijini, lilitanguliza jambo hili: chagueni wanafunzi wenye asili ya vijijini. Japani, nchi ambayo haina sifa ya kudharau mitihani, ilifungua Chuo cha Tiba cha Jichi mwaka 1972. Kila mkoa kati ya mikoa 47 huchagua vijana wake wawili au watatu kwa mwaka na kuwalipia. Nao wakihitimu huutumikia mkoa wao kwa miaka ipatayo tisa, na wengi wao hubaki hata baada ya deni kwisha. Lakini mfano ulio karibu nasi zaidi ni wa Ingwavuma, kaskazini mwa KwaZulu-Natal, Afrika ya Kusini. Mwishoni mwa miaka ya 1990, hospitali ya huko ilichoka kungoja madaktari kutoka mbali, ikaanza kutafuta vijana wa shule za jirani. Mwombaji alitakiwa kwanza ajitolee kufanya kazi hospitalini ili aone udaktari ni kitu gani, kisha ahojiwe na kamati yenye wenyeji ndani yake, na kila likizo arudi. Sehemu hii ya likizo naipenda kuliko zote, kwa maana yule kijana hakuachwa peke yake mjini mpaka akausahau mto wake.

Nasi tunaweza. Halmashauri ya Kibiti na ile ya Rufiji ziwe na haki ya kupendekeza vijana wachache kila mwaka kutoka miongoni mwa waliofikia sifa, na chuo kitenge nafasi zao. Muhimu zaidi, sehemu ya mafunzo ya wodini ihamie huko. Sisemi ziara ya majuma mawili ambayo wanafunzi huiita matembezi, na kwa kweli huwa matembezi. Nasema miezi sita katika mwaka wa nne au wa tano, Utete na Kibiti, na kwa zamu katika zahanati za visiwani, mwanafunzi akimfuata mama mmoja tangu mimba changa hadi kujifungua, na kuihesabu safari yake ya maji.

Kwa mwalimu wa Kibiti, Bungu au Ikwiriri nina ombi ambalo halihitaji kikao chochote. Wanafunzi wako wa kidato cha tatu wanaopenda Biolojia wapeleke siku moja kwenye kituo cha afya kilicho karibu, waketi na tabibu, wamwulize alisoma wapi na aliingiaje. Waambie juu ya stashahada. Na wale walio kidato cha sita, wasaidie kujaza maombi kabla hawajarudi vijijini, maana maombi hayo siku hizi hupelekwa kwa mtandao, na muda wa kuomba haungoji maji yajae.

Gharama ya ninayoyasema nimeikadiria katika barua kwa idara inayohusika: nyumba ya kulala wanafunzi wanane, mashua moja yenye injini, na mhadhiri mmoja aliye tayari kuishi huko kwa muhula mzima. Kwenye nafasi ya mhadhiri nimeandika jina langu. Barua ina miezi kumi na minne sasa, nami ningali nangoja jibu.