Mfamasia naye yumo katika Maandiko



Katika kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 38, mna jambo tusilolihubiri mara nyingi. (Ndugu zetu Waprotestanti wengi hawana kitabu hiki katika Biblia zao; waje tuwaazime.) Mwandishi anasema dawa zimetoka kwa Mungu, naye mwenye akili hazidharau. Baada ya tabibu anamtaja mchanganya dawa, yaani mfamasia wa siku zile. Kwake, kusali na kwenda kutibiwa ni mambo yanayofuatana, wala hayagombani.

Nimeikumbuka sura hiyo kwa ajili ya wavuvi wa Wampembe. Anayejua usiku wa Ziwa Tanganyika, upepo wake, baridi yake na kule kusubiri dagaa wakusanyike kwenye taa, hashangai kuona sigara zikiwaka mtumbwini. Wengi wanataka kuacha, ila njia wanayoijua ni moja. Jumatano ya Majivu mtu anatupa pakiti ziwani. Ijumaa hana usingizi na hasira zimempanda. Wiki inayofuata anavuta kwa kujificha. Sisi tunamwambia mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu, na ni kweli, lakini yeye anarudi nyumbani akijiona ameshindwa mbele ya Mungu, pengine hata Komunyo anaogopa kuipokea. Hapo ndipo ninapopinga.

Msimamo wa Kanisa hauna fumbo. Katekisimu, namba 2290, inaitaja tumbaku pamoja na chakula, pombe na dawa inapofundisha fadhila ya kiasi. Mwaka 2017 Papa Fransisko aliamua kwamba kuanzia 2018 Vatikani isiuze tena sigara, ingawa biashara hiyo ilikuwa ikiingiza fedha. Lakini Bwana pale Gethsemane, alipowakuta wanafunzi wamelala, aliutambua udhaifu wa mwili. Nikotini hufika kwenye ubongo ndani ya sekunde chache tu, na ubongo ukishaizoea huidai. Hasira na kukosa usingizi ni mwili unaodai. Si ushahidi kwamba mtu hana imani.

Mfamasia anafanya nini basi? Kwanza anauliza. Swali lake moja huwashangaza watu: ukiamka, sigara ya kwanza unaiwasha baada ya dakika ngapi? Anayewasha ndani ya dakika 5 amefungwa zaidi kuliko anayengoja mpaka anywe chai. Kisha zipo dawa za nikotini, nyingine ya kubandika kwenye ngozi, nyingine ya kutafuna, ambazo Shirika la Afya Duniani liliziingiza mwaka 2009 katika orodha yake ya dawa muhimu. Huupa mwili nikotini kidogo bila moshi, na kipimo kinapunguzwa wiki baada ya wiki. Ile ya kutafuna haitafunwi kama bigijii. Unatafuna polepole, kisha unaibana shavuni. Atakuuliza pia dawa nyingine unazotumia. Mgonjwa wa pumu anayemeza aminofilini, akiacha sigara, dawa hiyo huanza kukaa mwilini muda mrefu zaidi, hivyo kipimo lazima kiangaliwe upya. Seminarini hatukufundishwa hayo!

Najua utasema: Padre, huku ziwani mfamasia yuko wapi? Anzia kituo cha afya, au Duka la Dawa Muhimu. Maduka hayo yalianzia Ruvuma mwaka 2003, na sasa yameenea vijijini. Muuzaji wake si mfamasia, lakini amefundishwa, na anapaswa kujua ni wapi pa kukuelekeza. Dawa zenyewe huenda zikadai safari ya kupanda mlima hadi Namanyere au Sumbawanga, na zina bei. Jumuiya ndogo ndogo zetu huchanga bila kusukumwa mwanajumuiya akifa. Sioni kwa nini zisichange nauli ya mvuvi anayetaka kuacha sigara angali hai.

Nanyi kina mama, siku mzee akiteleza akavuta, msimsimange. Mwambieni akumbuke ni saa ngapi alivuta, na alikuwa wapi na nani. Arudi nayo hayo kwa mfamasia, maana ndiyo yatakayomsaidia kupanga upya kipimo cha dawa.