Historia Imo Midomoni mwa Watu wa Mpakani

Somo la historia katika shule zetu aghalabu huwa ni kukariri tarehe. Mwanafunzi wa Busia huandika kwamba mwaka 1902 Mkoa wa Mashariki wa Uganda ulihamishiwa himaya ambayo baadaye ikawa Kenya, asitambue kuwa ardhi anayoikalia ilikuwa sehemu ya mkoa huo, wala kwamba mpaka uliotokana na uamuzi huo ndio unaowagawa Wasamia na Wateso hadi leo.

Afadhali tuanze na kilicho karibu. Tuchukue neno bodaboda. Lilizaliwa mpakani, waendesha baiskeli wa Busia walipobeba abiria kutoka kituo cha forodha cha nchi moja hadi cha nchi ya pili, wakiita "boda, boda". Kwa nini Busia, wala si Malaba? Mwanafunzi na apime umbali baina ya vituo, awahoji wazee walioifanya kazi hiyo, kisha alinganishe kauli zao na kumbukumbu zilizoandikwa.

Wako watakaodai kwamba ubunifu huiharibu historia. La hasha! Ubunifu si kuzua mambo. Ni kuuliza swali jipya na kulisimulia jibu lake kwa namna inayosomeka. Profesa Gideon Were alikusanya masimulizi ya wazee, akachapisha historia ya Abaluyia mwaka 1967. Lau angalingoja, mengi yangalizikwa pamoja na wasimulizi wake.

Waendesha baiskeli wa kwanza nao wanatutoka. Walimu wawatume wanafunzi kwao muhula huu, wasingoje ujao.