Nafasi ya mfamasia imo kambini pia

Wakati huu ambapo wazazi wengi, wakiwemo askari wa jeshi na wa polisi, wanahesabu karo ya vijana wao walio karibu kuingia chuo kikuu, swali moja linaulizwa mara kwa mara: je, mtoto akisomea ufamasia atapata kazi? Swali hilo ni la haki. Mzazi anayelipa karo kutokana na mshahara wa askari hawezi kulaumiwa kwa kutaka kujua mwisho wa safari kabla ya kuianza. Lakini sisi tunaona kwamba swali hilo limefungamana na jingine lililo kubwa zaidi, nalo ni kama taifa letu la Uganda limekwisha tambua kazi ya mfamasia ni ipi.

Wazee waliotumika zamani wanamkumbuka kompaunda. Alikaa nyuma ya kidirisha, akapokea cheti cha daktari, akachanganya dawa ya maji katika chupa, akahesabu vidonge na kuvifunga katika kipande cha karatasi. Mgonjwa hakuuliza, naye hakueleza. Leo dawa hutoka kiwandani zikiwa zimekwisha pimwa na kufungwa, na hata hapa kwetu kiwanda cha Luzira kilichofunguliwa mwaka 2007 kimekuwa kikitengeneza dawa za malaria na za kupunguza makali ya UKIMWI. Kazi ya mikono ya kompaunda imekwisha. Wapo wanaosema kwamba, kwa hiyo, hata mfamasia amebaki kuwa muuza duka mwenye shahada. La hasha! Iliyokwisha ni kazi ya kuchanganya. Kazi ya kulinda namna dawa inavyotumiwa ndiyo kwanza imeanza, na hiyo ni ngumu kuliko ile ya zamani.

Tuchukue dawa ambayo kila askari ameimeza, yaani dawa ya mseto ya malaria. Mtu mzima hupewa vidonge 24: vidonge 4 kwa mara moja, mara 6, kwa muda wa siku 3, na yafaa ameze pamoja na chakula chenye mafuta ili dawa ipenye vema mwilini. Askari wetu wengi hufanya nini? Homa ikishuka siku ya pili, vidonge vinavyosalia huwekwa mfukoni kwa ajili ya doria ijayo, au hugawiwa rafiki. Huo ni ukarimu, lakini ni ukarimu wenye madhara. Mwaka 2021 wataalamu walitangaza kwamba katika Uganda ya kaskazini wamepatikana vijidudu vya malaria ambavyo artemisinini, kiini cha dawa hiyo, inachelewa kuviua. Sababu za usugu ni nyingi, na kumeza nusu dozi ni mojawapo ya zile zilizo mikononi mwetu wenyewe. Klorokwini tuliipoteza kwa usugu. Nani atakayemweleza askari mambo haya kidirishani, kwa utulivu, huku akimtazama usoni kuhakikisha ameelewa? Daktari ana foleni ya watu mlangoni. Hiyo ndiyo kazi ya mfamasia.

Kadhalika, wapo askari na wake zao wanaomeza dawa za UKIMWI kila siku, na jambo hilo si la kuonea haya. Nchi hii ilijifunza mapema kulitaja waziwazi, tangu mwaka 1986 ilipogundulika kwamba askari 18 kati ya 60 waliopelekwa Cuba kwa mafunzo walikuwa na virusi. Siku hizi dawa inayotumika zaidi ina dolutegravir ndani yake. Ni dawa nzuri, lakini ina masharti. Mgonjwa wa kifua kikuu anayetumia rifampisini yampasa kupewa dolutegravir mara mbili kwa siku badala ya mara moja, kwa kuwa rifampisini huipunguza nguvu. Anayemeza dawa ya kiungulia yampasa kuzitenganisha kwa saa kadhaa. Mke wa askari anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango, akianzishiwa rifampisini, aweza kushika mimba asiyoitarajia. Mambo haya hayaonekani kwa macho wala mgonjwa hayahisi. Huonekana tu kwa mtu aliyesomea jinsi dawa moja inavyokutana na nyingine ndani ya mwili, na ambaye ameweka mbele yake orodha nzima ya anachomeza mgonjwa. Kambini, bahati mbaya, kila mwenye koti jeupe ni musawo tu, na haulizwi amesomea nini.

Ipo pia kazi ya bohari. Majeshi yetu yalitangulia kufika Mogadishu mwezi Machi mwaka 2007, kabla ya wenzao wa nchi nyingine. Baadaye, katika mwaka 2009 na 2010, zaidi ya askari 200 wa Umoja wa Afrika mjini humo walipatwa na maradhi ya kuvimba miguu na kukatika pumzi, na 4 kati yao wakafariki. Uchunguzi ulionyesha kwamba ni beriberi, maradhi yanayoletwa na upungufu wa vitamini B1 katika chakula. Nayo vitamini hiyo ni ya bei ndogo mno. Hatusemi kwamba mfamasia peke yake angeyazuia, kwa maana chanzo kilikuwa chakula. Tunasema kwamba kikosi kilicho mbali na nyumbani hakina budi kuwa na mtu ambaye kazi yake ni kujua kilichomo bohari na kisichomo, kitakachoharibika kwa joto na kitakachokwisha kabla ya meli kufika. Bunduki zina mtunzaji wake aliyefunzwa. Dawa je?

Sasa turudi kwenye ajira. Chuo Kikuu cha Makerere kilianza kufundisha shahada ya ufamasia mwaka 1988, na baadaye vyuo vingine, kama kile cha Mbarara, vikafuata. Mwanafunzi husoma miaka 4, kisha hufanya mafunzo ya vitendo ya mwaka 1 kabla ya kusajiliwa. Hata hapo njia ina vikwazo: mwaka 2023 wahitimu wa fani za tiba, wafamasia wakiwa miongoni mwao, walilalamika hadharani kwamba wamekaa nyumbani muda mrefu wakingoja kupangiwa hospitali. Aidha, kwa miaka mingi muundo wa watumishi wa serikali uliitengea hospitali ya wilaya mfamasia mmoja tu. Mmoja, kwa wilaya nzima! Akienda likizo, akiugua, au akihudhuria mkutano, kidirisha hubaki na msaidizi. Matokeo yake ni kwamba vijana wamerundikana Kampala, wakigombania maduka ya dawa yaliyopangana mtaa mmoja, na wengine wanatafuta njia ya kwenda ng'ambo. Kwa hiyo yule anayesema kazi hakuna, na yule anayesema wafamasia hawatoshi, wote wawili wanasema kweli. Kazi ipo, nafasi ya kuajiriwa ndiyo haijaandikwa.

Kwingineko wameiandika. Uingereza iliwaruhusu wafamasia wenye mafunzo ya nyongeza, tangu mwaka 2006, kuandika wenyewe cheti cha dawa. Na tangu Januari 2024 maduka ya dawa ya England hutibu maradhi 7 ya kawaida, kama vile ya koo na ya masikio ya watoto, pasipo mgonjwa kumwona daktari. Hatudai kwamba tuige kila kitu. Nchi ambayo maduka yake mengi ya vijijini hayana mfamasia haiwezi kuanzia hapo.

Ndugu zetu wa polisi wanalo fungu lao katika jambo hili. Mwaka 1993 ilipitishwa sheria iliyounda Mamlaka ya Kitaifa ya Dawa, na sheria hiyo hutofautisha famasi, ambayo lazima isimamiwe na mfamasia aliyesajiliwa, na duka dogo la dawa, ambalo haliruhusiwi kuuza dawa za cheti. Kila askari wa doria ameona famasi ambayo cheti cha mfamasia kimetundikwa ukutani, lakini mwenye cheti haonekani toka Januari hadi Desemba. Huko ni kukodisha jina, na kunampokonya kijana mwingine ajira huku mgonjwa akihudumiwa na asiyejua. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2017 kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, dawa 1 kati ya 10 ni bandia au hafifu. Polisi anaweza kumkamata mwuzaji, lakini hawezi kuitambua dawa bandia kwa kuitazama tu. Anamhitaji mfamasia ubavuni pake, na hata mahakamani.

Sisi tunapendekeza kwamba makamanda wa jeshi na wa polisi waombe nafasi za wafamasia katika kila kituo cha tiba chenye kulaza wagonjwa, si katika hospitali kubwa peke yake. Na kwamba watoto wa askari wanaofaulu vema kemia na baiolojia wasomeshwe kwa mkataba wa kulitumikia jeshi au polisi kwa muda utakaokubaliwa. Mzazi asiyemudu shahada asikate tamaa. Ipo stashahada ya ufamasia, kama ile inayofundishwa katika chuo cha sayansi shirikishi za afya kilichoko Mulago, ambayo karo yake na muda wake ni mdogo zaidi, na anayeihitimu huweza kujiendeleza baadaye. Na askari mstaafu anayefikiria kutumia kiinua mgongo chake kufungua duka la dawa yampasa kwanza kuulizia leseni na kumtafuta mtu mwenye sifa wa kulisimamia, kabla hajalipa hata kodi ya chumba.