Maji ya umma, uchafu wa mwenye nyumba?

Kila mafuriko yakipita, wenye visima vya nyumbani hapa Tunduma husikia agizo lile lile: chemsheni maji, tieni dawa. Sina ugomvi na agizo hilo. Ugomvi wangu ni na wakubwa wanaodhani kwamba wajibu wao unaishia hapo.

Maji yaliyopita vyooni yakiingia kisimani, kutia klorini juu ya tope ni kujifariji, kwa kuwa tope huimaliza nguvu dawa kabla haijaua vijidudu. Sharti maji yote yachotwe, tope liondolewe, kuta zisuguliwe, ndipo klorini itiwe kwa kipimo, iachwe usiku kucha, kisha maji hayo yamwagwe. Hata hapo jicho si maabara. Maji maangavu huweza kubeba kipindupindu. Hakimu ni kipimo: asionekane bakteria wa E. coli hata mmoja katika mililita 100.

Nani apime? Muuza nyanya wa pale mpakani? Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inatamka kuwa maji yote ya Tanzania Bara ni ya umma, Rais akiwa mdhamini. Haiwezekani basi yawe ya umma yanapotolewa vibali, kisha yawe ya mwenye nyumba yanapochafuka.

Halmashauri ivipime visima hivi bila malipo baada ya kila mafuriko, na majibu yabandikwe katika ofisi za mitaa. Kipindupindu hakiulizi hati ya kiwanja, wala pasipoti ya kuvukia Nakonde.