Mtungi Mnaouchekea Kwenye Klipu, Ameukalia Mtoto wa Mtu

Wadau, leo tuongee kuhusu hizi klipu za kuhama nyumba. Yuko mdada mmoja wa mjini, jina tunaliweka kando maana mashabiki wake wana midomo, kahama Njombe mjini kaenda Makambako. Muziki mzuri, kucha mpya, vikombe vinafungwa kimoja kimoja. Komenti zote ni hongera tu. Sasa rudisheni nyuma pale kirikuu linapoondoka.

Mtungi wa gesi wa kilo 15 umelazwa ubavu. Regulata bado imo, mpira unaning'inia. Pembeni yake jiko la mkaa, lile lile alilochemshia chai asubuhi mwanzoni mwa klipu. Juu ya mzigo wamekaa vijana wawili wa kubeba, mmoja kaukalia kabisa mtungi, anapunga mkono. Na hiyo siyo safari ya mtaa wa pili jamani, Njombe mpaka Makambako ni kama kilomita 60.

Najua jibu linalokuja: mbona walifika salama? Sawa, walifika. Lakini gesi ya kupikia ndani ya mtungi ni maji maji. Mtungi ukisimama, kinachofika kwenye koki ni mvuke. Ukiulaza, yale maji yanaweza kufika kwenye koki, na yakivuja yanatanuka zaidi ya mara 200 yakigeuka gesi. Halafu gesi hii ni nzito kuliko hewa, hairuki juu ikapotea. Inashuka chini, inatulia kwenye bodi, na hapo mmefunika turubai vizuri sababu mnaogopa mvua. Mkaa nao una tabia yake: juu majivu meupe, chini kaa hai saa kadhaa. Upepo wa barabarani unalipuliza bure.

Na hata wakisema mtungi ulikuwa mtupu, haujawa salama hivyo. Mtungi unaosema umeisha bado una mvuke ndani.

Kinachoniuma zaidi lakini ni visu. Tumeangalia klipu nzima. Vikombe vimefungwa gazeti mara mbili, vikawekwa kanga katikati, boksi likaandikwa "vyombo, taratibu". Visu vimetupwa kwenye kiroba, pamoja na mbuzi ya kukunia nazi. Kiroba hicho kimebebwa na nani? Kijana, mgongoni, na shati moja. Yaani kikombe kina ulinzi, mgongo wa mtoto wa mtu hauna. Kipande cha boksi na solotepu kuzunguka makali, basi! Ni dakika mbili, na gazeti lilikuwepo pale pale.

Mtungi ndiyo usiseme. Funga koki, toa regulata, washa jiko kidogo uone limezimika kweli kabla hujatoa, rudisha kifuniko, usimamishe mtungi, uufunge kamba kwenye kona ya bodi, na usiweke mtu juu yake. Jiko la mkaa unalimwaga nje, unamwagia maji, unasubiri mpaka unashika majivu kwa mkono. Hakuna hata shilingi inayotoka hapo.

Wengine mtasema nina wivu. Haya, nina wivu. Lakini hawa hawa mastaa wanalipwa kutangaza mitungi. Serikali imezindua mkakati wa nishati safi ya kupikia mwaka 2024, lengo asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo 2034. Mitungi itajaa Makambako mpaka vichochoroni, na tuliowapa kazi ya kuitangaza wanatuonesha pilau tu. Kuibeba hawatuoneshi. Wakituonesha, ndiyo kama hivi.

Halafu kuna klipu ya usiku wake wa kwanza. Vyombo bado vimefungwa, baridi la Juni lile mnalijua, kwa hiyo jiko la mkaa limeingizwa chumbani, dirisha limefungwa, mdada kajifunika blanketi anasema "joto la nyumbani". Hapo nilisimama kabisa. Moshi ukiisha na mkaa ukawa mwekundu ndiyo watu wanadhani umekuwa salama, kumbe hewa ya sumu inaendelea kutoka, haina harufu wala rangi. Kichwa kinauma kidogo, usingizi unakuja mzito, na wengine hawaamki. Wenyeji wa nyanda hizi wamezika watu kwa jambo hili. Wewe una wafuasi wa Dar wanaopanda mlimani likizo na hawajui.

Wale wa "mwacheni dada yetu" nawaomba kitu kimoja: hifadhini namba 114, ni ya Zimamoto, bure. Mtungi ukianza kupiga mluzi mtaani kwenu, komenti za mioyo hazitasaidia.

Na wewe dada, hiyo klipu iondoe, uweke nyingine unafungua regulata kwa mkono wako. Na yule kijana wa kiroba mmalizie hela yake. Mlipokuwa mnateremsha mzigo Makambako alisema mlikubaliana elfu kumi na umempa sita. Tulimsikia kabla hujaongeza muziki.